Nyota Asiye na Sura: Evelyn Hugo Katika Sikio la Mswahili

Watu wa Afrika Mashariki waishio Silver Spring, Hyattsville au Alexandria hutumia sehemu kubwa ya siku zao njiani. Beltway, barabara inayolizunguka jiji la Washington kupitia Maryland na Virginia, haiheshimu ratiba ya mtu. Na treni ya Metro, hata siku inapokwenda vizuri, humfikisha abiria kazini akiwa ameshatumia saa nzima ya uhai wake. Ndani ya saa hiyo ndimo vitabu vya sauti vilimopata makao. Mwenye kadi ya maktaba ya kaunti ya Montgomery, au ya jiji lenyewe, huazima riwaya kwa simu bila kulipa senti, akaisikiliza huku anaendesha gari, anaosha vyombo au anamsubiri mtoto nje ya lango la shule. Miongoni mwa riwaya zilizopendwa sana kwa njia hiyo ni The Seven Husbands of Evelyn Hugo ya Taylor Jenkins Reid, iliyotoka mwaka 2017: maisha ya nyota wa filamu ambaye hakupata kuwapo.

Wapo wasomi wanaoona haya kukiri kwamba riwaya fulani waliisikiliza. Husema wameisoma, kisha hunyamaza kidogo. Haya hiyo haina asili katika Kiswahili. Kitenzi "kusoma", katika matumizi ya pwani, si kazi ya jicho peke yake. Maulidi husomwa, hitima husomwa, utenzi husomwa, na katika hafla zote hizo walio wengi hawana kitabu mkononi. Anayesoma ni mmoja, na waliosikia huondoka wakiwa wamesoma naye. Miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu ilikusudiwa kutamkwa mbele ya watu, na aliyeihifadhi sandukuni alikuwa amehifadhi sauti iliyolala. Kusoma kimya, mtu na karatasi yake, ni mazoea yaliyotiwa nguvu na shule na mtihani. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kitabu cha sauti si kama kusikiliza nako ni kusoma. Swali ni kama kitabu hicho kinapata au kinapoteza kitu pindi kinapotamkwa.

Evelyn Hugo kinapata. Tena kinapata kitu ambacho mwandishi wake alikiandaa ndani ya muundo wenyewe wa riwaya, pengine bila kufikiria studio ya kurekodia.

Kisa kinaanza New York. Evelyn, mwenye umri wa miaka 79, nyota wa zamani wa Hollywood aliyejifungia nyumbani kwake kwa miaka mingi, anataka kuzungumza. Anamwita Monique Grant, mwandishi chipukizi wa jarida la Vivant, na kukataa kuzungumza na mwingine yeyote. Monique anadhani amekuja kuandika makala juu ya magauni yatakayopigwa mnada kwa ajili ya hisani. Kumbe anakabidhiwa wasifu mzima, uchapishwe bibi huyo atakapokuwa amekufa. Siku baada ya siku Monique anaketi, anawasha kinasa sauti, na Evelyn anasimulia: utoto wa ufukara katika mtaa wa Hell's Kitchen, ndoa ya kwanza aliyoingia akiwa bado mtoto ili apate njia ya kufika California, kisha mume wa pili, wa tatu, hadi wa saba. (Msikilizaji wa pwani hatakosa kujikuta anahesabu eda, na kwa ndoa moja ya Las Vegas, iliyofungwa ili ivunjwe, hesabu hiyo itamshinda.)

Tazama hali hiyo ya usimulizi. Mwanamke anazungumza. Mwanamke wa pili anasikiliza, na chombo kinarekodi. Katika kitabu cha karatasi tunapewa matokeo ya mazungumzo hayo, yaani maandishi yaliyokwisha kusafishwa. Katika kitabu cha sauti tunapewa, au tunadanganywa kwamba tumepewa, rekodi yenyewe. Msikilizaji anaketi katika kiti cha Monique. Na kwa kuwa Monique naye anasikiliza hadithi ambayo, bila yeye kujua, imemfungia siri ya nyumbani kwao, kiti hicho si cha starehe. Siri hiyo haitatolewa hapa. Itoshe kusema kwamba taharuki ya riwaya haimo katika swali la nani alikuwa kipenzi cha Evelyn, swali ambalo makini yeyote hulijibu mapema anapotokea mwigizaji mwenzake, Celia St. James. Taharuki imo katika swali la kwa nini Evelyn alimchagua msikilizaji huyu na si mwingine.

Wasomaji wa toleo la sauti ni watatu. Alma Cuervo anasoma sura za Evelyn, Julia Whelan za Monique, na Robin Miles anasoma vipande vya magazeti vilivyochomekwa kati ya sura. Mgawanyo huu ni uhakiki kamili wa riwaya uliofanywa kwa sauti. Vipande hivyo vya magazeti, katika karatasi, ni vifupi na jicho huvipita kama tangazo. Vikitamkwa na mtu wa tatu, asiyekuwamo chumbani, mara moja vinageuka kuwa umma: sauti ya wasiojua, inayozungumza kwa uhakika mkubwa kuliko wanaojua. Aliyekulia Dar es Salaam au Nairobi anaitambua sauti hiyo bila kufundishwa. Ni sauti ya gazeti la udaku, yenye uchangamfu wa mtu anayeuza habari ya ndoa ya mwenzake kwa bei ya chapati. Evelyn anasimulia jinsi Don Adler, mume wa pili, mwigizaji mzuri wa sura, alivyompiga. Kisha gazeti linaingia na kuwasifu kuwa ndiyo jozi inayopendeza kuliko zote mjini. Hakuna maelezo yanayohitajika kati ya sauti hizo mbili. Mwandishi wa karatasi angehitaji kejeli. Msomaji wa sauti anahitaji tu kufurahi mahali ambapo msikilizaji hawezi kufurahi.

Cuervo naye hana haraka. Evelyn wake ni bibi aliyezoea kusubiriwa, na yeyote anayeongeza mwendo wa simu ili amalize saa hizo 12 kwa muda mfupi anamharibia kazi yake, maana nusu ya mamlaka ya Evelyn imo katika vituo. Mtu aliyejua kushika kamera kwa kutosema kitu, akinyamaza masikioni, bado anaonekana.

Lakini kuna jambo moja ambalo sauti inalifunua na karatasi inalifunika, nalo ndilo linalomhusu zaidi msomaji wa Kiswahili aliye ughaibuni. Evelyn Hugo si jina lake la kuzaliwa. Alizaliwa Evelyn Herrera, wazazi wake wakiwa Wakuba, na lugha ya nyumbani ilikuwa Kihispania. Hollywood ilimtaka awe mtu mwingine: nywele zikatiwa rangi ya dhahabu, jina la baba likaachwa, lugha ya mama ikawekwa mbali na kinywa. Riwaya haielezi haya kwa urefu. Kwa kweli inayapita haraka mno, na hili ni kosa lake kubwa. Ila ina onyesho moja lisilosahaulika. Luisa, mtumishi wa nyumbani, anazungumza Kihispania akidhani kwamba bibi wa nyumba, mweupe na wa dhahabu, haelewi. Anaelewa kila neno. Anapomjibu kwa lugha hiyo hiyo, mshangao wa Luisa unamrudia yeye mwenyewe kama hukumu.

Katika ukurasa, onyesho hilo husomwa na kupita. Katika sikio linauliza swali ambalo msomaji hawezi kulikwepa: sauti iliyokuwa ikinisimulia kwa saa nyingi sasa, kwa Kiingereza kisicho na alama ya mahali popote, ilitokea wapi? Usafi wa lafudhi ya Evelyn, ambao hadi hapo ulionekana kuwa ustadi wa msomaji tu, unageuka kuwa sehemu ya kisa. Tulikuwa tunasikiliza kilichobaki baada ya kitu kufutwa. Hakuna herufi ya kupiga chapa inayoweza kufanya hivyo, kwa kuwa herufi zote hazina lafudhi.

Wazazi wengi wa Kiswahili katika viunga vya Washington wanaijua hali hii kutoka upande wa pili. Mtoto anaambiwa jambo kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiingereza, na jibu ni sahihi. Kiswahili chake kimo sikioni. Hakijafika ulimini, na kwenye jicho hakijakaribia kabisa. Hakuna studio iliyomlazimisha kama ilivyomlazimisha Evelyn. Ni mwendo wa kawaida wa siku, shule, televisheni na marafiki, uliofanya kazi ile ile kwa upole zaidi.

Hapa ndipo inapofaa kumkumbuka nyota wa kweli, ambaye maisha yake yaliandikwa kwa Kiswahili na bwana wa nathari yetu. Shaaban Robert alikutana na Siti binti Saad katika siku za mwisho za uhai wa mwimbaji huyo, aliyefariki mwaka 1950, na kutokana na mazungumzo hayo akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Mpangilio ni ule ule wa Evelyn na Monique: mwanamke mashuhuri aliyezeeka anasimulia, na aliye mdogo wake kwa umri anaandika. Tofauti ni kwamba Siti alikuwapo. Tofauti nyingine zinavutia zaidi.

Evelyn aliacha jina la nyumbani ili apande. Siti naye alipanda kwa jina jipya, maana katika utoto wake kule Fumba alikuwa akiitwa Mtumwa; jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata mjini baada ya sauti yake kusikika. Evelyn alikuwa sura kwanza, na kipaji chake kilipaswa kusubiri mlangoni hadi watu wamalize kumtazama. Siti, mwuza vyungu aliyeingia mjini kwa miguu, alisimangwa na mahasidi wake kuwa hana uzuri wowote ila sauti, na sauti hiyo ikatosha. Na kubwa kuliko yote ni lugha. Taarabu ya majumba ya Unguja iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliweza Kiarabu, aliimba hata Kihindustani, lakini alipokwenda Bombay mwaka 1928 pamoja na wenzake kurekodi sahani za santuri, Kiswahili ndicho kilichowafanya watu wa pwani na bara wakusanyike kando ya gramafoni. Evelyn alipata dunia kwa kuificha lugha ya mama. Siti aliipata kwa kuitoa mbele.

Mtu aliyesikiliza riwaya ya Reid, kisha akarudi kwenye wasifu wa Shaaban Robert, anakutana na kinyume cha ajabu. Kitabu kuhusu sura ya mwanamke kinatujia kwa sauti, bila sura. Kitabu kuhusu sauti ya mwanamke kinatujia kwa maandishi, bila sauti. Shaaban Robert alijua ugumu wake. Anasifu, anafananisha, anapandisha lugha yake hadi inakaribia wimbo, kwa sababu kitu anachokieleza hakiwezi kuwekwa juu ya karatasi. Nathari yake, yenye sentensi zinazosawazishwa kama mizani na maneno yanayojibizana, ni nathari ya kutamkwa. Anayeisoma kimya anaweza kuiona nzito, hata ya kuhubiri. Anayeisikia ikisomwa na mtu anayejua kuvuta pumzi mahali pake anagundua kwamba uzito ule ulikuwa mapigo.

Haya yasimfanye msikilizaji asione udhaifu wa Evelyn Hugo. Waume kadhaa ni vibonzo. Kila mmoja amepewa sehemu yake ya kitabu na sifa yake katika kichwa cha sehemu hiyo, na baadhi yao hawazidi sifa hiyo. Mick Riva ni utani mmoja uliorefushwa, ingawa Reid alimpenda kiasi cha kumrudisha katika riwaya nyingine. Monique, mwenye ndoa yake inayovunjika, anachosha kila tunapoondolewa kwa bibi na kurudishwa kwake, na Whelan, msomaji hodari, anafanya anachoweza kwa sura zisizo na uzito. Harry Cameron peke yake, mtayarishaji wa filamu na mume wa tano, rafiki aliyeoa ili wote wawili wafichike, ndiye aliyeandikwa kwa upendo wa kweli. Msiba unaomhusu ndiyo sehemu bora ya kitabu. Wahusika wa miaka ya 1950 nao wakati mwingine huzungumzia nafsi zao kwa msamiati wa miaka yetu hii. Na jambo lile la Kihispania, kama ilivyosemwa, lilistahili zaidi ya onyesho moja na majuto machache. Riwaya inayojali sana siri za chumbani ingeweza kuijali kidogo siri ya kinywani.

Ni kweli pia kwamba sauti husamehe. Mazungumzo mepesi yakipata msomaji mzuri huonekana mazito. Reid mwenyewe alilijua hili; riwaya yake iliyofuata, Daisy Jones & The Six ya mwaka 2019, imeandikwa yote kama mahojiano, na toleo lake la sauti lilitumia kundi kubwa la wasomaji, baadhi yao waigizaji wenye majina. Mhakiki ana wajibu wa kujiuliza kama anasifu kitabu au koo la mtu. Kwa Evelyn Hugo jibu ni kwamba viwili hivyo haviachani kwa urahisi, kama vile ambavyo hakuna aliyewahi kuutenga wimbo wa Siti na Siti.

Si bahati kwamba mazungumzo haya yanafaa kufanyika Washington. Kitabu cha sauti, kabla ya kuwa starehe ya wasafiri wa Beltway, kilikuwa haki iliyodaiwa na wasioona. Sheria ya Pratt-Smoot ya Machi 1931 iliipa Maktaba ya Congress kazi ya kuwapatia watu wazima wasioona vitabu, kwanza vya nukta nundu. Mwaka 1934 zikafuata sahani za vitabu vinavyosema. Upande mmoja wa sahani ulibeba kama dakika 15, hivyo riwaya moja ilikuwa mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili. Watoto waliongezwa mwaka 1952. Kwa hiyo anayesikiliza leo kwa raha, mikono yake ikiwa kwenye usukani, anatumia njia iliyofunguliwa na watu ambao hawakuwa na njia nyingine.

Maktaba hiyo hiyo ina ofisi Nairobi tangu miaka ya 1960, inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki na kuyasafirisha hadi Washington. Ndiyo maana mtafiti wa Kiswahili huweza kupata hapo, mbali sana na nyumbani, vitabu ambavyo ni vigumu kuvipata hata katika miji vilikochapishwa. Umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo, katika barabara ya Independence, zilikuwapo studio za Sauti ya Amerika, na kwa miongo kadhaa Idhaa yake ya Kiswahili ilipeleka sauti upande wa pili wa bahari. Karatasi zikija, sauti zikienda. Mwezi Machi 2025 wafanyakazi karibu wote wa Sauti ya Amerika waliwekwa likizo ya lazima, na matangazo yakakatika. Lolote mtu analofikiri kuhusu siasa za redio ya serikali, waliokatiwa kazi siku hiyo walikuwamo watu wanaojua kuketi mbele ya kipaza sauti na kulisoma ukurasa wa Kiswahili hadi mwisho bila kuuvunja. Ujuzi huo si wa kuokota. Ndio ule ule alionao Alma Cuervo.

Fikiria basi Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ikisomwa na mtu wa Unguja. Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwanamume mzee kwake, angepata sauti yake. Mwajuma angepata yake, na tofauti kati ya Kiswahili cha mmoja na cha mwingine, ambayo katika karatasi msomaji huibuni kichwani kadiri ya uzoefu wake, ingesikika na yule aliyezaliwa Maryland na hajapata kufika Zanzibar. Mtoto huyo hataanza na kurasa. Kurasa zimemshinda, na aibu ya kushindwa imemfanya aziepuke. Ila sikio lake liko tayari; limekuwa tayari tangu alipokuwa akiimbiwa alale. Angeweza kuanza na saa moja ya safari kutoka Silver Spring hadi kazini, na neno asilolielewa angempigia simu shangazi yake kumwuliza.

Kwa sasa, mwenye kutaka kukutana na Siti wa Shaaban Robert katika jiji hili hana budi kupitia jicho. Vitabu vya Kiswahili vya Maktaba ya Congress huombwa katika chumba cha kusomea cha Afrika na Mashariki ya Kati, jengo la Thomas Jefferson. Humo watu husoma kimya.